Kushusha nyuma ya Impreza GDA ukiwa nyumbani: vipimo, utaratibu na makosa yanayokula tairi (Tabora na Kigoma)

GDA_Kitete

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Impreza WRX sedani, bodi ya GDA, rimu 17, tairi 215/45. Imefungwa koilova (shokapu na springi katika kipande kimoja, urefu unarekebishika) mpya pande zote nne, zile ambazo mguu wa chini una nyuzi zake na springi ina ringi zake. Mbele imekaa vizuri, mm 355 kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi. Nyuma imebaki juu: kushoto 376, kulia 374. Nataka nyuma ishuke kama mm 20 na kazi ifanyike hapahapa nyumbani Kitete. Uwanja ni kichanga ila kuna kibaraza cha zege kinachotosha gari moja. Vifaa: jeki ya toroli tani 2, stendi mbili, boksi la soketi, spana ya toki. Naomba utaratibu kamili. Mwenye sababu ya kunikataza naye aseme mapema.

Springi_Isevya

Hakuna sababu ya kukukataza mkuu. Mm 20 ni kiasi chenye adabu kwa barabara zetu. Ukivuka 30 utaanza kuhesabu matuta kuanzia hapo Isevya hadi Nzega.

Umeanza vizuri kwa kupima kutoka katikati ya rimu. Wengi hupima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, halafu upepo wa tairi moja ukipungua anadhani springi imelala. Ila kabla hujagusa spana, rudia vipimo vyako hivi: upepo sawa kushoto na kulia, tangi nusu, buti tupu, gari juu ya zege na si kichanga. Lisukume mbele mita 3, lirudishe, bonyeza buti kwa nguvu mara tatu, kisha pima. Andika namba zote nne kwenye karatasi. Tofauti yako ya mm 2 inaweza kutoweka hapo hapo.

Springi_Isevya

Sasa kazi yenyewe.

Hendibreki ya Impreza inashika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo utakayoyanyanyua. Ukishanyanyua, hendibreki haizuii kitu. Ziba magurudumu ya mbele kwa kabari, mbele na nyuma ya kila tairi, na gia iwe ya kwanza (au P kama ni otomatiki). Legeza nati za rimu robo mzunguko gari likiwa bado chini, soketi 19.

Jeki weka chini ya difu ya nyuma, kwenye chuma chake, si kwenye kifuniko chembamba wala propela. Stendi ziende kwenye sehemu zilizoimarishwa za ukingo wa bodi, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, pale panapowekwa jeki ya gari. Usiweke stendi chini ya linki za nyuma (mikono ya chuma inayoshika gurudumu). Stendi zote mbili ziwe urefu mmoja, magurudumu yote mawili yaning'inie. Ukinyanyua upande mmoja tu, stabilaiza (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) inavuta upande wa pili na kila kipimo utakachochukua kitakudanganya.

Toa rimu, zisukume chini ya ubavu wa gari. Zikae humo muda wote, stendi ikiteleza gari linaangukia rimu na si wewe.

Sasa angalia koilova yako. Kuna ringi tatu. Mbili za juu zimebeba springi, usiziguse. Ya tatu, ya chini kabisa, inafunga mwili wa shokapu kwenye mguu. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu kwanza. Mchanga wa Tabora ukibaki kwenye nyuzi za alumini, ringi itang'ang'ania katikati na utazila nyuzi. Legeza ringi hiyo ya chini kwa spana ya ndoano, ipandishe juu kama mm 40 ili isikuzuie.

Usiamini kwamba mzunguko mmoja ni mm fulani. Nyingine ni 1.5, nyingine 2. Weka alama ya rangi kwenye mwili, zungusha mara 10, pima kwa rula nyuzi zilizozama, gawa kwa 10. Hiyo ndiyo hesabu yako. Kama ni 2, unahitaji mizunguko 10 upande wa kushoto na 9 kulia kwa vipimo ulivyotaja, vikithibitika. Mwili uzame ndani ya mguu, gari linashuka. Hesabu kwa sauti, mizunguko husahaulika.

Ukimaliza, ringi ya chini irudi ikandamize mguu, kaza kwa spana ya ndoano mbili zikipingana. Usigonge na nyundo. Rudisha rimu, shusha gari, nati za rimu kwa nyota Nm 90 hadi 100.

Kama utalazimika kufungua zile bolti mbili kubwa zinazoshika mguu kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu), nazo ni 19 na za GDA nyuma hukazwa Nm 200. Nati tatu ndogo za juu zilizo nyuma ya kiegemeo cha siti ni Nm 20 tu. Watu wanazikata hizo kwa kuzikaza kama za chini.

Mpunga_Urambo

Swali kaka. Kwa nini asishushe ringi za springi tu? Ni rahisi zaidi, hata rimu unaweza usitoe.

Springi_Isevya

Swali zuri, na hapo ndipo koilova nyingi zinafia.

Shokapu ina mwendo wake: sehemu ya kupanda gurudumu likipiga tuta na sehemu ya kushuka likiingia shimoni. Ukishusha ringi za springi mm 20, mwili wa shokapu unabaki mrefu vilevile, ila gari sasa linakaa mm 20 ndani zaidi ya ule mwendo. Umechukua mm 20 za kupanda. Kama zilikuwa 60 zimebaki 40, halafu raba ya mwisho (ile inayozuia shokapu isigote) inaanza kugongwa kwenye kila tuta. Seal ya shokapu haidumu hivyo.

Tatizo la pili: springi ikilegezwa hivyo, gurudumu likining'inia springi inacheza kwenye kikombe chake. Utasikia "klank" kila unapotoka kwenye tuta, na siku moja springi itakaa upande.

Ukishusha kwa mguu wa chini, shokapu nzima inafupishwa na mwendo wa ndani unabaki ule ule. Kwa kuwa mwili unazama zaidi ndani ya mguu, nyuzi zinashikana zaidi, kwa hiyo kushusha ni salama kuliko kupandisha. Anayepandisha ndiye anayepaswa kuangalia kipimo cha chini cha nyuzi ambacho mtengenezaji amekiandika. Anayeshusha aangalie tu mwili usigote chini ya mguu.

Koilova za bei ndogo zisizo na nyuzi kwenye mguu hazina njia nyingine zaidi ya ringi za springi. Kwa hizo usivuke mm 15, na hakikisha springi haichezi ukinyanyua gurudumu.

FundiMninga

Naongeza mambo mawili ambayo Springi_Isevya hajayafikia.

La kwanza ni jeki kwenye kichanga. Kama kibaraza hakitoshi gari na jeki pamoja, tafuta mbao za mninga zenye unene wa sm 5, kipande cha sm 40 kwa 40 kwa jeki na vingine viwili kwa stendi. Mbao laini ya paini inapasuka kati, na stendi ya miguu minne inazama upande mmoja bila wewe kuona. Ukiweka stendi, tikisa gari kabla hujaingiza hata mkono. Jeki ya toroli lazima iweze kutembea kidogo wakati inapanda, kwa sababu mkono wake unakwenda kwa upinde. Magurudumu yake yakikwama mchangani ndipo inapoteleza kwenye difu.

La pili ni bushi, na hili ndilo jambo zito la uzi huu.

Nyuma ya Impreza kila upande una linki mbili za kwenda katikati na moja ya kwenda mbele. Kila ncha ina bushi ya raba iliyogandishwa kwenye bomba la chuma. Bolti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki. Linki ikipanda au ikishuka raba ndiyo inayojipinda. Kiwandani zilikazwa gari likiwa kwenye urefu wake, kwa hiyo raba inapumzika pale. Ukishusha mm 20 na linki ina urefu wa sm 35, imezunguka zaidi kidogo ya digrii 3, na raba inakaa imepindwa hivyo usiku na mchana. Itapasuka pembeni, na kabla ya kupasuka inafanya kazi kama springi ya ziada inayosukuma gari juu. Ndiyo maana mtu anashusha mm 20 anapata 16, anarudi kuzungusha tena, wiki mbili baadaye gari limelala kuliko alivyotaka.

Dawa: baada ya kuweka urefu, legeza bolti za linki zote nusu mzunguko tu, kisha uzikaze upya bushi zikiwa kwenye urefu mpya. Bila shimo la fundi, fanya hivi. Gari likiwa kwenye stendi, rimu zimetoka, fungua linki ya stabilaiza upande mmoja. Weka jeki chini ya habu, inua taratibu hadi kipimo kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi kiwe 355 kamili. Hapo kaza bolti za upande huo kwa Nm za kitabu cha gari lako. Hamia upande wa pili.

Springi ngumu inaweza kunyanyua gari kutoka kwenye stendi kabla hujafika 355. Ukiona mwanga kati ya stendi na bodi, simama, shusha, pakia mizigo kwenye buti ndiyo ujaribu tena.

Bolti moja uichore kwa rangi kabla hujailegeza: ya ndani, linki ya nyuma. Ile ina kichwa chenye ekseni ya upande (isiyo katikati), ndiyo inayoweka mwelekeo wa matairi. Ikizunguka bila alama umepoteza alaimenti yote.

Springi_Isevya

Sahihi kabisa. Utaratibu wa habu ni bora kuliko kukaza gari likiwa chini, maana chini ya GDA iliyoshushwa huna nafasi ya mkono wa spana ya toki.

ToroliUjiji

Salaam kutoka Kigoma. Kabla hamjamaliza, ongezeni hesabu ya mzigo. Huku watu wanashusha nyuma halafu buti inapakiwa madumu ya mawese. Dumu la lita 20 ni kilo 18 na ushee, matano ni kilo 90 na zaidi, na yote yanakaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake. Springi ya kilo 6 kwa milimita, mbili ni 12, gari linazama kama mm 8. Springi laini ya kilo 3 linazama 15. Ongeza watu watatu siti ya nyuma na ule mwendo uliobaki umeisha kabla hujashuka mteremko wa Mwanga.

Kujua umebakiwa na mwendo kiasi gani, funga kebo tai (mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia nyaya) kwenye fimbo ya shokapu, iwe inateleza kwa kubana kidogo, uisukume hadi kwenye seal. Endesha siku mbili kwa mizigo yako ya kawaida. Ulipoikuta ndipo shokapu ilipofika. Ikiwa imegusa raba ya mwisho kwa mwendo wa kawaida wa mjini, pandisha mm 5 urudie. Kebo tai ni ya bei ndogo na inakwambia ukweli kuliko sikio.

Altezza_Cheyo

Naomba niulize bila kuharibu uzi. Kwa Altezza utaratibu ni huu huu? Na kuna fundi anasema akate springi mzunguko mmoja nyuma, bei chee.

FundiMninga

Altezza nyuma ina mikono miwili, juu na chini, na shokapu haikai sawa na gurudumu. Imefungwa ndani zaidi kwenye mkono. Kwa hiyo mm 10 kwenye shokapu zinakuwa zaidi ya mm 10 kwenye gurudumu. Shusha mm 5 kwanza, teremsha gari, sukuma, pima, upate uwiano wako ndipo uendelee. Impreza shokapu imesimama juu ya habu yenyewe, hesabu ni karibu moja kwa moja. Nati za rimu za Toyota kama hiyo ni Nm 103 na nafasi kati ya nyuzi zake ni mm 1.5. Za Subaru ni 1.25, usichanganye.

Kukata springi usikubali dada. Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu kwa pamoja, shokapu ya kiwandani haiwezi kuituliza, gari linarukaruka. Ncha iliyokatwa haikai kwenye kikombe chake. Gurudumu likining'inia, springi inatoka sehemu yake. Anayechoma kwa gesi ili ilale ndiyo mbaya zaidi: chuma kinapoteza ugumu wake pale kilipochomwa, na kinaendelea kulala kila mwezi, upande mmoja zaidi ya mwingine. Springi fupi za kiwandani kwa gari lako pamoja na shokapu zinazolingana nazo ndiyo njia ya bei ndogo iliyo halali.

Altezza_Cheyo

Asante sana fundi. Nimeelewa.

Springi_Isevya

Turudi kwa GDA_Kitete. Baada ya urefu kuna mambo mawili ya matairi.

Kemba, yaani tairi kulala kwa juu kuelekea ndani, itaongezeka kidogo. Kwa kiwandani hairekebishiki nyuma ya GDA. Mwisho digrii 2 hasi, zaidi ya hapo utakula ukingo wa ndani. Ikizidi, kuna bolti maalumu zenye ekseni ya upande za kuweka kwenye tundu la juu la mguu, au bamba la juu la koilova lenye nafasi.

Ila kinachokula tairi haraka ni tou, mwelekeo wa matairi yakitazamwa kutoka juu. Nyuma ikielekea nje hata kidogo, mkia wa gari unatangatanga ukifunga breki kwenye lami yenye maji, na tairi linasagika kama limepigwa msasa.

Pima mwenyewe kwa uzi wa fundi ujenzi. Simika stendi mbele na nyuma, vuta uzi kila upande kwa urefu wa katikati ya rimu, nyuzi mbili ziwe sambamba: umbali kati yao sawa mbele na nyuma ya gari, na kila uzi uwe umbali mmoja kutoka vifuniko vya katikati vya rimu za kushoto na kulia. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma, kisha ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo. Ukingo wa mbele ukiwa mbali na uzi kwa mm 1 zaidi, tairi limeelekea ndani mm 1, ambayo kwa rimu 17 ni kama digrii 0.13. Lenga 0 hadi 1 ndani kila upande, sawa pande zote.

Tatizo la nyumbani: ukishusha gari, matairi yanajishika sakafuni na hayakai. Weka karatasi mbili za nailoni nene zenye grisi katikati chini ya kila tairi la nyuma. Yatateleza yakae yanapotaka. Alaimenti ya mashine fanya baadaye, lakini uzi unakufikisha huko bila kumaliza tairi njiani.

Kazuramimba4

Hamjataja taa. Nyuma ikishuka mm 20 na umbali wa ekseli kwa ekseli wa GDA ni mm 2525, taa za mbele zinapanda kama sm 8 kwa kila mita 10. Ukiwa barabara ya Urambo usiku, dereva wa lori anayekuja haoni kitu. Kabla ya kushusha, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, weka tepe pale mwanga unapokatika. Baada ya kushusha urudishe mwanga kwenye tepe ile ile kwa skrubu ya nyuma ya taa. Kijigurudumu cha dashibodi ni cha mzigo wa muda, si cha kurekebishia hili. Magari yenye taa za zenoni na kisoma-urefu kwenye mkono wa nyuma, kama baadhi ya Mark X, yanahitaji ile fimbo ndogo ya kisoma-urefu irekebishwe, la sivyo taa zinajishusha au kujipandisha kwa hesabu ya zamani.

GDA_Kitete

Wakuu nashukuru. Kazi imekamilika. Nyuzi ni mm 2 kwa mzunguko. Baada ya kukaza bushi upya kwenye 355 na kusukuma gari: kushoto 354, kulia 357. Mbele zilikuwa 355 zote, sasa kushoto 356, kulia 354. Mpira wa breki haujakaza gurudumu likining'inia, ringi zimebana. Hiyo mm 3 ya nyuma niiguse?

FundiMninga

Kabla ya kugusa, pakia uzito wako kwenye siti ya dereva, mifuko ya mchanga iliyopimwa kwa mizani. Sisi tunakaa kulia, na kulia ndiko kuliko juu. Pima tena ukiwa "umo ndani".

Na ona namba zako: nyuma kulia juu, mbele kushoto juu, mbele kulia chini. Kona za mshazari zinasukumana. Ukishusha nyuma kulia mm 2, mbele kushoto itapanda kidogo. Kwa hiyo mzunguko mmoja tu nyuma kulia, si zaidi, halafu sukuma, bonyeza, pima zote nne.

GDA_Kitete

Na uzito wa kilo 72 kwenye siti: nyuma kushoto 353, kulia 354. Mbele 355 na 353. Sijagusa kitu. Kebo tai nimefunga, kesho naenda Sikonge na kurudi.

ToroliUjiji

Ukirudi weka picha ya kebo tai na useme ulikuwa na watu wangapi.